Koti la Mwenzako

Mpiga picha akisafiri kwenda nchi ya mbali, kwa kawaida hurudi na sura za watu wa huko. Wing Young Huie wa Minneapolis alikwenda China, nchi ya wazazi wake, akarudi na sura yake mwenyewe. Aliwatafuta wanaume wa Kichina ambao maisha yao yangeweza kuwa yake, akawapiga picha. Kisha akaziomba nguo zao, akazivaa na kusimama mbele ya kamera. Picha hizo zimo katika kitabu chake Chinese-ness, kilichotolewa mwaka 2018 na Minnesota Historical Society Press. Ukizitazama harakaharaka utacheka kidogo: Mmarekani mtu mzima ndani ya shati la mtu mwingine! Ukizirudia, kicheko kinakauka. Je, baba yake asingeondoka Guangdong, huyu angekuwa nani leo?

Swali hilo nalijua, na kila mgeni wa Minneapolis analijua, hata kama hana kamera. Mimi ninayo. Nimezaliwa Kuze, Mombasa, na sasa naishi Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis ambako Waliberia na Wakenya tumejaa. Siku za kazi nina ajira nyingine kabisa. Mwisho wa wiki napiga picha za harusi, za mahafali, na za watu wanaotaka tu kupigwa picha nzuri. Nataka kueleza namna Huie anavyofanya kazi, kwa sababu kazi yake imenifundisha kuzitazama upya hata picha za ukutani kwetu.

Huie alizaliwa mwaka 1955 mjini Duluth, bandari iliyo ukingoni mwa Ziwa Superior. Ni kitinda mimba wa watoto sita, na ni yeye peke yake aliyezaliwa Marekani. Baba yake, Joe Huie, alikuwa na mkahawa mjini humo ambao haukufungwa usiku wala mchana. Mtoto alisomea uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akamaliza mwaka 1979. Miongoni mwa watu wa kwanza aliowaelekezea kamera ni huyo baba yake. Wengi wetu tumeanzia hapo, kwa mzazi, maana mzazi hana pa kukimbilia.

Kazi iliyomtoa ilikuwa Frogtown. Ni mtaa wa Saint Paul wenye nyumba za mbao na watu wa kipato cha chini, na mwanzoni mwa miaka ya 90 ulikuwa umepokea wakimbizi wengi wa Kihmong kutoka Laos, wakiishi jirani na watu weusi na Wazungu waliowatangulia. Huie aliuzunguka mtaa akizungumza na watu, akaingia vibarazani na vyumbani mwao. Picha hakuzipeleka kwanza kwenye jumba la sanaa. Mwaka 1995 alizionyesha papo hapo mtaani, kwenye kiwanja kitupu, wenyewe wakapita kujitazama. Kitabu kilifuata mwaka 1996.

Baadaye akaihamia Lake Street, barabara inayoikata Minneapolis kusini kutoka mashariki hadi magharibi. Ukipanda basi la barabara hiyo utapita maduka ya Wameksiko, mikahawa ya Waekwado, gereji, makanisa yaliyo ndani ya maduka ya zamani, na ukishuka mahali panapostahili utatembea kidogo tu hadi Karmel Mall, soko la Wasomali ambamo Kiswahili hakikosekani. Wengi humo wamepitia Eastleigh ya Nairobi, Mombasa au kambi ya Dadaab kabla ya kuiona theluji. Mwaka 2000 Huie alibandika zaidi ya picha 600 kwenye vioo vya maduka, vituo vya basi na kuta za majengo, mfululizo wa maili sita, yaani karibu kilomita 10. Mtu aliyekuwa akisubiri basi alijikuta anatazamana na jirani yake asiyewahi kumsalimu.

Hapa nieleze jambo la ufundi, kwa sababu tabia ya mpiga picha huonekana hapo. Ziko njia mbili za kumpata mtu. Ya kwanza ni lenzi ndefu: unasimama mbali, unamvuta, naye hana habari. Mji nyuma yake unafifia, uso unabaki peke yake, na picha inapendeza upesi. Ya pili ni lenzi pana, ambayo inataka umsogelee mtu hadi akusikie unavyopumua. Huwezi kumwibia. Lazima umwombe, na akikubali, mazingira yake yote yanaingia pamoja naye: kochi, kalenda ukutani, viatu mlangoni. Picha nyingi za Huie ni za aina hii. Mtu yuko pamoja na mahali pake, na usoni mwake unaona kwamba ameombwa akakubali, mara nyingine kwa shingo upande.

Kuomba ndiko kunakochukua muda. Watu wa hapa wana adabu ya kukataa bila kukataa, wanatabasamu huku wanaondoka. Wasomali wanakuuliza kwanza wewe ni nani na picha inakwenda wapi, na wana haki, baada ya miaka mingi ya kuonyeshwa kwenye habari kwa mabaya tu. Wakenya wenzangu wanakubali haraka, halafu wanataka kwenda kubadilisha nguo.

Mwaka 2010 Huie aliongeza ubao. Katika mradi wa University Avenue, alioufanya pamoja na Public Art Saint Paul, aliwapa watu ubao mdogo mweusi na chaki, akawauliza maswali: unadhani wengine wanakuonaje? Kitu gani hawakioni? Ungempa mtu usiyemjua ushauri gani? Mtu anaandika jibu lake, anaushika ubao kifuani, anapigwa picha. Mamia ya picha hizo zilitandazwa kando ya barabara hiyo, maili sita tena, na usiku zikarushwa kwenye skrini kubwa kiwanjani. Miaka minne baadaye treni ya Green Line ilianza kupita hapo, ikiiunganisha miji yetu miwili, Minneapolis na Saint Paul.

Mradi huo ulimpatia sifa, na walimu wengi wa Minnesota wameiga ubao madarasani mwao. Mimi nauheshimu kuliko ninavyoupenda. Maandishi yana ubabe: ukishayasoma, uso umekuwa kielelezo cha sentensi, na macho yako hayamrudii mtu. Picha za nguo za China hazina neno hata moja, na ndizo zilizonikaa. Lakini nakiri kwamba ubao ulifanya jambo ambalo picha tupu haiwezi. Ulimpa aliyepigwa picha nafasi ya kumsahihisha mpiga picha palepale.

Mwaka 2011 Huie alifungua ukumbi wake, The Third Place Gallery, kwenye Chicago Avenue kusini mwa Minneapolis. Palikuwa mahali pa kutazama picha, kubishana, kisha kucheza ping-pong. Ni hatua chache tu kutoka kona ya barabara ya 38 ambako George Floyd aliuawa tarehe 25 Mei 2020, kona ambayo tangu hapo dunia nzima imeiona kwenye picha.

Huie si mtu wa kwanza wa miji hii kugundua kwamba nguo ni hoja. Gordon Parks alimtangulia. Parks alizaliwa Kansas mwaka 1912, akaletwa Saint Paul kwa dada yake akiwa kijana baada ya mama yao kufariki. Shemeji yake alimfukuza katikati ya baridi, naye akawa analala ndani ya tramu zilizokuwa zikienda na kurudi usiku kati ya Saint Paul na Minneapolis. Baadaye alikuwa mhudumu wa treni, akapendezwa na picha alizoziona kwenye magazeti yaliyoachwa na abiria, akanunua kamera ya mtumba huko Seattle. Watu wa Kodak wa Minneapolis waliosafisha filamu yake ya mwanzo walimsifu na kuzionyesha picha zake dirishani.

Kisa chake ninachokipenda ni cha duka la Frank Murphy, duka la mavazi ya wanawake matajiri wa Saint Paul. Parks aliingia akaomba kupiga picha za mitindo. Mwenye duka hakutaka, mkewe akasema acha ajaribu. Parks akakesha na wanamitindo, na alipoisafisha filamu akakuta ameziharibu: kila karatasi ya filamu ameipiga mara mbili, sura juu ya sura. Isipokuwa moja. Akaichukua hiyo moja, akaikuza hadi ikawa kubwa mno, akaisimamisha dukani. Mke wa mwenye duka akauliza ziko wapi nyingine. Akaelezwa, na akampa nafasi ya kurudia. Marva Louis, mke wa bondia Joe Louis, aliziona picha za dukani humo akamhimiza Parks ahamie Chicago. Mwaka 1948 alikuwa mpiga picha mweusi wa kwanza kuajiriwa na jarida la Life, ambalo lilimpeleka Paris na baadaye Rio de Janeiro. Yote yalianzia kwenye magauni ambayo watu wa nyumbani kwake wasingeweza kuyanunua.

Sasa turudi pwani, maana sisi mambo haya tuliyafanya zamani. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa tulikuwa na Parekh, ambaye kuanzia miaka ya 40 aliwakalisha watu wa kila kabila chini ya taa, wanaume wakiigiza nyota wa filamu za Kihindi, marafiki wawili wa kike wakishikana mikono ndani ya nguo za sare. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe, akiunganisha picha mbili tatu kuwa moja kwa ustadi ambao vijana wa leo wanaufanya kwa simu bila kujua kwamba kuna mtu aliufanya kwa mkono gizani. Na kwenye kivuko cha Likoni, miaka ya 90, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa maghorofa na ndege. Mtu wa bara aliyekuja Mombasa kutafuta kibarua alisimama mbele ya ndege hiyo, akapigwa, akatuma nyumbani.

Tena kulikuwa na koti. Studio nyingi za Afrika zilikuwa nalo, limetundikwa msumarini pamoja na tai, mara nyingine na saa ya mkono, kwa ajili ya mteja asiyekuwa nalo. Kwetu nyumbani kuna picha za wajomba wawili, zilizopigwa siku tofauti, na koti ni lile lile. Hakuna aliyeona aibu. Mteja alikuwa anasafiri pasipo kuondoka, na mpiga picha ndiye aliyebaki. Huie amegeuza mkeka: mpiga picha amesafiri hadi China, na ndiye aliyeomba koti.

Wako wengine katika miji hii wanaoendeleza mjadala huo. Pao Houa Her, Mhmong aliyezaliwa Laos na kulelewa Saint Paul, ana picha za wazee wa Kihmong walioipigania Marekani katika vita vya siri vya Laos miaka ya 60 na 70, lakini Marekani haikuwatambua kama askari wake wa zamani. Wazee hao wamekaa wima ndani ya sare za kijeshi walizojitafutia wenyewe, nishani vifuani. Anawapiga kwa heshima ya picha ya jenerali. Hapo nguo imekuwa dai. Amefika mbali: kazi yake imeonyeshwa Walker Art Center hapa Minneapolis, na mwaka 2022 ilikuwa katika Whitney Biennial ya New York. Na Mohamud Mumin, Msomali, mmoja wa waanzilishi wa Soomaal House of Art ya Minneapolis, aliwapiga vijana wa kiume wa Kisomali katika mradi alioupa jina The Youth/Dhallinyarada. Ulikuwa wakati ambao ukisema kijana Msomali wa Minnesota, televisheni inasikia al-Shabaab. Mumin aliwaonyesha vijana wenye kazi, masomo na shughuli za jamii, wakubwa kwenye karatasi, wakikutazama machoni.

Nami nafanya nini katika jiji la watu kama hao? Sehemu kubwa ya kazi yangu hamtaiona kamwe. Wasomali na Waswahili wa hapa wananiita kwa sababu mimi ni mwanamke. Siku ya wanawake katika harusi, milango imefungwa, mabuibui yametundikwa, nywele zimefumuliwa, dhahabu na hina mpaka kwenye viwiko. Nikimaliza naikabidhi kadi ya kamera kwa mama wa bibi harusi, au nazifuta picha mbele yake. Mama mmoja aliwahi kuniambia, "Mwanangu, picha ni kama nguo ya ndani, lazima ujue nani anafua." Najua picha nilizopiga katika kumbi hizo ni bora kuliko zote nilizowahi kuonyesha, na ni mimi tu na wenyewe tunaojua.

Za nje ndizo zinazotangazwa, na kupiga picha nje hapa Minnesota ni vita. Kamera ni mashine isiyo na akili: inadhani kila kilicho mbele yake, ukichanganya, ni cha kijivu. Iweke mbele ya theluji, itaogopa mwanga na kuigeuza theluji kijivu, na uso wa mtu mweusi aliyesimama hapo utakuwa kivuli tu. Iweke mbele ya buibui, itafanya kinyume, itamulika mpaka sura ipauke. Dawa ni kupima mwanga usoni na kuiacha theluji ijitetee. Joto likishuka nyuzi 20 chini ya sifuri, betri inazimika kabla ya bibi harusi kutabasamu, kwa hiyo ya akiba naiweka mfuko wa ndani karibu na mwili. Na kamera ikitoka baridini kuingia nyumbani, naifunga kwanza kwenye mfuko wa plastiki, la sivyo unyevu unaigandia mpaka ndani ya lenzi. Lakini tuzo yake ipo: mwanga wa Januari unaoruka juu kutoka kwenye theluji unajaza macho na kidevu kwa upole ambao Mombasa ungeulipia taa mbili.

Safari yangu ya karibuni kwenda nyumbani nilibeba kamera na koti langu la Minnesota, lile zito la manyoya ya bata, linalofika magotini. Forodhani waliniangalia kama mgonjwa. Nilitaka kufanya alichofanya Huie, na mtu niliyemtaka nilimjua: binti wa mama mdogo, tuliyelala naye kitanda kimoja tukiwa watoto. Mimi niliondoka, yeye akabaki. Jioni anakaanga viazi karai na bhajia nje ya mlango, Kuze hiyohiyo, na chatini yake ya ukwaju inajulikana mpaka Makadara.

Tulibadilishana. Nilijifunga leso zake, nikakaa kwenye kigoda chake nyuma ya karai, moshi ukiniingia. Yeye akavaa koti, akafunga zipu mpaka kidevuni, akasimama kwenye kichochoro, jasho likimtiririka, akiwa na sura nzito ya mtu anayesubiri basi la saa kumi na moja alfajiri. Sikumwelekeza. Aliijua sura hiyo kutokana na simu zangu. Watoto wa mtaa walicheka hadi wakakaa chini. Mteja mmoja akaja, hata hakunitazama usoni, akasema, "Bi mkubwa, viazi vya hamsini," nami nikamtilia vingi mno.

Baadaye tulipokuwa tunazitazama kwenye kioo cha kamera, binti wa mama mdogo aliipenda yake na akaicheka yangu. Kisha akasema, "Shoga, wewe umekaa hapo mpaka picha ikatoka. Mimi nakaa mpaka unga uishe."

Nimelifikiria neno hilo kuhusu Huie pia. Anayebadilisha nguo ni yule mwenye tiketi ya kurudi. Yule mwanamume wa China alirudishiwa shati lake akaendelea na siku yake. Huie si mjinga, kitabu chake kizima kinazunguka swali la nani ni wa wapi, na nadhani ndiyo maana picha zile zina uchungu kidogo chini ya mzaha. Lakini hakuna picha inayoweza kufuta tofauti kati ya aliyeomba koti na aliyeombwa. Inaweza kuionyesha, basi.

Binti wa mama mdogo ameniruhusu nisimulie, lakini picha zake amekataa zisichapishwe, kwa hiyo makala haya hayana picha ya Kuze. Aliomba malipo ya aina nyingine. "Hizi za makoti ni nzuri," alisema, "sasa nipigie ya viza." Tukautafuta ukuta mweupe juu ya dari, kivulini. Picha ya viza ya Marekani ina masharti yake: milimita 51 kwa 51, mandhari nyeupe, miwani hapana, kichwa kisipungue milimita 25 wala kuzidi 35 kutoka kidevuni hadi utosini, mtandio unaruhusiwa kwa sababu ya dini mradi uso wote uonekane. Akanyoosha mtandio wake, akakaza uso, akaniuliza kama kidevu kiko sawa. Nikamwambia ashushe kidogo.